Ukuta wa Mbao Kabla ya Sakitu

Katika mkoa wa Dalarna, katikati ya Uswidi, fundi wa rangi za nje ana miezi michache tu ya kazi. Majira ya kuchipua yakianza, mbao bado zina maji ya theluji iliyoyeyuka. Septemba ikifika katikati, umande huanguka mapema jioni na kukaa ukutani hadi asubuhi imekwenda sana. Kati ya vipindi hivyo viwili ndipo nyumba hutengenezwa ili ikabili baridi inayoweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Nyumba nyingi za vijijini huko zimepakwa rangi ileile, nyekundu iliyopoa, isiyong'aa. Ni rangi hiyo ninayoichambua hapa, kwa sababu inafanya kazi kinyume kabisa na rangi tulizozoea kununua dukani, na kwa maoni yangu ndiyo yenye akili zaidi kati ya zote zilizowahi kupakwa kwenye mbao.

Asili yake ni mgodi wa shaba wa Falun. Karne ya 17 mgodi huo ulikuwa mkubwa kuliko yote ya shaba barani Ulaya, na mawe yenye shaba haba yalirundikwa nje kwa miaka mingi. Hewa na mvua viliyaozesha mawe hayo, chuma kilichokuwamo kikashika kutu, ukabaki udongo wa manjano wa jamii ya ngeu. Udongo huo huoshwa, hukaushwa, kisha huchomwa kwenye joto la nyuzi 800 hivi, na hapo umanjano hugeuka wekundu. Rangi ilianza kutengenezwa kibiashara mwaka 1764. Uchimbaji ulisimama mwaka 1992, na mwaka 2001 UNESCO ikaliweka eneo hilo katika Urithi wa Dunia, lakini udongo wa rangi bado unatoka kwenye malundo yaleyale.

Kilichonivutia zaidi ni jikoni kwake, maana rangi hii hupikwa. Kipimo kimojawapo cha jadi ni maji lita 50, salfeti ya chuma kilo 2, unga wa rai kilo 2 na nusu, udongo mwekundu kilo 8, na mafuta ya mbegu za kitani lita 4 au 5. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano. Maji huchemshwa, salfeti ikayeyushwa humo, kisha unga hutiwa kidogo kidogo huku mtu akikoroga ili usifanye madonge. Baada ya robo saa hivi unakuwa kama uji mwepesi unaonata. Ndipo udongo huingia, na mafuta humiminwa polepole mwishoni. Unga ndio gundi. Salfeti huzuia ukoga na kuvu, mafuta hushika chembe za udongo zisichujuke upesi, na udongo wenyewe huikinga mbao na jua. Ndani ya ndoo hiyo hamna plastiki hata tone.

Ili kuona kwa nini mchanganyiko wa namna hii unahimili baridi, tuangalie kwanza namna rangi ya kisasa inavyoharibika.

Rangi nyingi za maji za dukani hukauka kwa chembe za plastiki kusogeleana na kuungana kuwa utando. Kuungana huko kunahitaji joto. Makopo mengi huandikwa kwamba zisipakwe chini ya nyuzi 10, mengine nyuzi 5. Baridi ikizidi, maji huondoka kabla chembe hazijashikana, na ukuta hubaki na kitu kinachoonekana kama rangi ilhali ni unga uliolala juu ya mbao. Hata siku yenyewe ikiwa na joto, fundi akipaka hadi jua linazama, umande utaikuta rangi bado mbichi, na asubuhi patakuwa na michirizi inayong'aa kama ya gundi. Kwa hiyo anayejua kazi yake huweka brashi chini saa kadhaa kabla ya magharibi, na upande wa kaskazini, ambao huko Uswidi ndio unaopata jua haba kuliko zote, huumaliza mapema katika msimu.

Lakini adui mkubwa hatoki nje. Wakati wa baridi nyumba hupashwa moto, watu hupika, huoga na kupumua, na hewa ya ndani hujaa mvuke. Mvuke huo hupenya ukutani ukielekea kwenye ubaridi, ukifika kwenye mbao za nje hugeuka maji. Utando wa plastiki ukiwa umeziba upande wa nje, maji hayo hunaswa nyuma yake. Yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kuisukuma rangi. Yakiyeyuka mbao huvimba. Rangi hutoa malengelenge, kisha hubanduka vipande vikubwa, na kila ufa unaofunguka huingiza maji ya mvua yasiyo na njia ya kutokea. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu wa kuozesha hupata makao. Nyumba huweza kuoza chini ya rangi ambayo barabarani bado inaonekana nzuri.

Rangi ya Falun haina utando. Ina vitundu vingi, mvuke huipita ukaenda zake. Mvua ikiilowesha, ukuta hukauka upesi upepo unapovuma. Na inapochoka haibanduki: gundi ya unga huisha nguvu polepole, rangi ikachujuka kama vumbi, safu nyembamba kwa safu nyembamba, kwa muda wa miaka kumi hivi, na zaidi pale ukuta unapokingwa na paa refu. Hili ndilo jambo kubwa katika uchambuzi huu. Wauzaji hutuambia rangi itakaa miaka mingapi, nasi huridhika na jibu. Swali la fundi ni jingine: itakapochoka, itachokaje, na nitaifufuaje? Iliyobanduka hudai kukwanguliwa, kupigwa msasa na kupakwa praima. Iliyochujuka hudai brashi ngumu, kisha mkono mmoja wa rangi.

Kazi yenyewe ya kabla ya baridi huenda hivi. Fundi huanza chini, pasipotazamwa sana. Mimea iliyoegemea ukuta hukatwa, udongo uliolundikana hukokolewa mpaka mbao ya chini kabisa iwe juu ya ardhi kwa sentimeta 20 au 30, maana matone ya paani hurukia hapo kila mvua inaponyesha. Kisha huchomeka ncha ya kisu kwenye mbao zinazotiliwa shaka. Ikizama bila upinzani, mbao hiyo hukatwa na kubadilishwa. Baadaye hupiga ukuta mzima brashi, ya chuma au ya nyuzi ngumu, kutoa vumbi la zamani. Penye ukoga huoshwa na kuachwa hadi pakauke kabisa. Hapa ndipo wenye haraka huharibu kila kitu.

Rangi hukorogwa mara kwa mara kwa sababu udongo huzama chini ya ndoo. Hupakwa kufuata nyuzi za mbao, ubao mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama katikati, na si kwenye jua kali. Mbao mpya hupewa mikono miwili, ya zamani mmoja. Kwenye ncha za chini za mbao zilizosimamishwa wima fundi hukaa sana, akizijaza rangi tena na tena. Nyuzi zilizokatwa hunyonya maji mno kuliko ubavu wa ubao, na karibu kila uozo niliousoma au kuuona katika kuta za namna hii ulianzia pale.

Kanuni hiyohiyo ya ukuta unaopumua wenyeji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua, ingawa sakitu hawajaiona. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Zikipigwa lipu ya saruji na rangi ya kuziba, unyevu hukwama, chumvi husukuma kutoka ndani, na lipu huporomoka.

Rangi ya Falun ina masharti yake. Inataka mbao za msumeno zisizopigwa randa, kwa kuwa ulaini hauishiki. Ukiiegemea hukuchafua nguo. Na haiwezi kupakwa juu ya rangi ya mafuta au ya plastiki: mwenye nyumba ya aina hiyo lazima akwangue hadi mbao tupu, au aendelee na aina aliyo nayo na kuziba kila ufa mapema.

Ikiwa Oktoba imeingia na kipima unyevu bado kinasoma asilimia 20, ndoo ifungwe. Mbao tupu ikipigwa na baridi ya msimu mmoja huwa ya kijivu juujuu tu, na kwa rangi hii, ukwaruzo unaoachwa na theluji huifanya ishike vizuri zaidi kiangazi kinachofuata.