Siku ya Somo, Siku ya Kimya

Ripoti za maabara tumezoea kuzisoma kwa pupa ya matokeo, ilhali jaribio walilolichapisha Basham na akina Nordeen wawili mwaka 1996 lina utamu wake katika ufumaji. Mhusika ni chiriku milia wa Australia. Dume ndiye aimbaye, na wimbo haumjii kwa kuzaliwa: huupokea angali kinda kwa dume mkubwa, aghalabu babaye. Watafiti walitia AP5, dawa izuiayo vipokezi vya NMDA, katika eneo la ubongo wa mbele liitwalo lMAN, muda mfupi kabla ya kila somo. Walipokua, makinda hao waliuiga wimbo wa mwalimu kwa uchache kuliko wenzao.

Mtunzi mwepesi angetua hapo. Mimi navutiwa zaidi na kundi la pili, lililopewa dawa ileile, mahali palepale, ila katika siku asizokuwapo mwalimu. Nalo likajifunza bila dosari hiyo. Ni kama ubeti uliohifadhi vina na mizani yote ya ubeti uliotangulia, ukabadili neno moja tu, hata sikio likalazimika kulisikia neno hilo: siku. Lau dawa ingekuwa imewadhoofisha ndege au kuwaharibia ubongo moja kwa moja, makundi yote mawili yangepungukiwa.

Umbo hilo la jaribio, nionavyo, linaakisi kipokezi chenyewe cha NMDA. Glutamati, kemikali ipelekayo ujumbe kati ya neva, peke yake haitoshi kukifungulia njia, kwa kuwa tundu lake huzibwa na ioni ya magnesi, isiyobanduka mpaka seli ya neva inayopokea iwe imekwisha kuamshwa. Sharti mambo mawili yakutane kwa wakati mmoja. Jaribio nalo limejengwa juu ya mkutano, wa dawa na somo, kisha likautenganisha. Sidai kwamba watafiti waliukusudia mwangwi huo. Umo katika kazi yao, na unasikika.

Kinachohitaji subira ni umbali wa ushahidi. Kumbukumbu ya somo haionekani, husomwa katika wimbo wa utu uzima, unaotulia takriban siku ya 90, baada ya majuma ya kubwabwaja na kujirekebisha, ambamo mengi yangeweza kuuvuruga. Majuma hayohayo, hata hivyo, kundi la pili liliyapitia pia.