Kuvunwa si Kuonekana: Msimbo wa Lugha katika Hazina Dijitali
Itifaki ya uvunaji wa metadata, OAI-PMH, katika toleo lake la 2.0 la mwaka 2002, huitaka kila hazina dijitali itoe rekodi za Dublin Core, lakini haishurutishi kipengele cha lugha kujazwa. Hapo ndipo penye kasoro. Matini ya Kiswahili kutoka Giteranyi, Burundi, ikiachwa bila msimbo wa “swa”, itavunwa salama na bado isionekane na mtafiti anayechuja kwa lugha. Kuurekebisha msimbo pekee hakutoshi: tarehe ya rekodi isipohuishwa, mifumo inayovuna mabadiliko mapya tu huipita. Sera ya lugha isiyofika kwenye katalogi huwaacha waandishi wa Burundi wakihifadhiwa bila kusomwa.