VITABU VIWILI KWA ANAYETAKA KUIFAHAMU KHITILAFU

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, wanafunzi wa darsa hutuuliza tunasoma nini siku hizi. Tumevirejea vitabu viwili vya zamani, na kuna jambo lililoturejesha. Alfajiri moja kijana alimwambia imamu wake, mbele ya maamuma, kwamba qunuti yake ni uzushi. Hoja yake ilikuwa Hadithi moja. Imamu, mtu mzima aliyesomesha miaka mingi, alinyamaza. Tangu siku hiyo msikiti ule una makundi mawili.

Kitabu cha kwanza ni Raf'ul Malaam 'anil Aimmatil A'laam cha Ibn Taymiyya (aliyefariki 728H/1328M). Ni risala ndogo. Inaeleza kwa nini imamu mkubwa huacha kuitumia Hadithi: ama haamini kuwa Mtume (S.A.W.) ameisema, ama haoni kuwa imekusudia mas-ala yale, au anaitakidi kuwa hukumu yake imefutwa. Kisha nyudhuru hizo anazichambua kwa sababu kumi. Ajabu ni kuwa wengi wanaowakemea wenzao kwa jina la Ibn Taymiyya hawajaisoma. Upungufu wake ni kuwa inatoa misingi, lakini haikupitishi katika milango ya fiq-hi mmoja mmoja.

Pengo hilo analiziba Ibn Rushd (520–595H/1126–1198M), kadhi wa Qurtuba, katika Bidayatul Mujtahid. Yeye hutaja kauli za maimamu, kisha husema: sababu ya khitilafu yao ni hii. Katika qunuti ya Alfajiri anaeleza kuwa kwa Malik ni mustahabu, kwa Shafii ni sunna, na kwa Abu Hanifa mahali pake ni Witri. Sababu ni kukhitilafiana kwa riwaya zenyewe, na kukisia sala moja kwa nyingine. Lau kijana yule angeusoma ukurasa huo, angejua kuwa imamu wake ana watangulizi.

Lakini tunatahadharisha. Ibn Rushd ni Maliki, na amekiri mwenyewe kuwa kauli nyingi amezinukuu kutoka Al-Istidhkaar cha Ibn Abdil Barr. Basi kauli ya Shafii ihakikishwe katika vitabu vya Mashafii, kama Al-Majmuu' cha Imam Nawawi. Wala hiki si kitabu cha mwanzo. Asiyehitimu Safinatun Najaa mbele ya mwalimu atatoka na kauli nyingi bila ya msingi.

Nasaha yetu kwa maimamu: isomesheni risala ya Ibn Taymiyya baina ya Magharibi na Isha, kisha mlango wa sala katika Bidaya. Hatusemi mtu aache madhehebu yake. Tunasema ajue udhuru wa nduguye kabla ya kumhukumu.

Wabillahit tawfiiq.