Jangwa Lililopandwa kwa Ngazi: Familia Ilivyoishinda Baridi ya Joshua Tree

Utabiri wa simu ulisema nyuzi 14 za Selsiasi. Kwa familia iliyotoka Tanga na kukaa Los Angeles miaka kadhaa, hiyo ni hali ya sweta moja tu. Binamu yangu, fundi wa friji na viyoyozi, hakuishia kwenye namba. Aliuliza imepimwa wapi. Ilikuwa ya mji wa Twentynine Palms, kwenye lango la kaskazini la Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu kabisa alipokusudia kuwapeleka watoto, Keys View, pako mita 1,580.

Hesabu yenyewe ni ya mwanafunzi wa sekondari. Hewa kavu hupoteza karibu nyuzi moja kila inapopanda mita 100. Mita 980 za ziada zinakula nyuzi tisa na ushei, na 14 inabaki chini kidogo ya 5. Utabiri ulitaja pia upepo wa kilomita 40 kwa saa. Kwa jedwali linalotumiwa na idara za hali ya hewa za Marekani na Kanada tangu 2001, nyuzi 5 zikipigwa na upepo huo ngozi huzihisi kama nyuzi 1 chini ya sifuri. Kati ya namba ya simu na baridi iliyokuwa ikiwangoja kileleni, basi, kulikuwa na pengo la nyuzi 15.

Mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea, hakusadiki. "Baba, jangwani kuna baridi gani ya kunivalisha soksi mbili?"

"Mama, ulipokuwa ukipanda gari Mombo kwenda Lushoto, khanga moja ilikutosha?"

Akavaa. Kutoka Mombo hadi Lushoto nako unapanda karibu mita elfu moja, na msafiri wa njia ile hahitaji kufundishwa fizikia ya hewa.

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Majira ya machipuko ndiyo yanayosifiwa kuliko yote pale: wastani wa joto la mchana ni nyuzi 29 hivi, na la usiku nyuzi 10. Lakini wastani huficha siku mbovu. Baadhi ya miaka hewa baridi ya kaskazini mwa Bahari ya Pasifiki hushuka hadi kusini mwa California, na milima miwili mikubwa iliyo magharibi ya hifadhi, San Gorgonio na San Jacinto, yote yenye kimo cha zaidi ya mita 3,300, hukamua mvua na theluji upande wa pwani. Jangwa linabakiwa na upepo mkavu. Katikati ya milima hiyo pana mwanya mmoja, na hewa yote hulazimika kupenya hapo kwa kasi. Mashine za kufua umeme wa upepo zilizojazana karibu na Palm Springs zimewekwa pale kwa sababu hiyo. Mtu akitoka Los Angeles kwa barabara kuu namba 10 anazipita. Zikizunguka kwa fujo, amekwisha kupewa taarifa yake ya siku kabla hajafika getini.

Sasa tuje kwenye kilichonivutia hasa, yaani njia waliyoifuata. Wageni wengi kutoka Los Angeles huingia kwa lango la magharibi. Ndilo la karibu kwao, na mandhari yanayojulikana yako upande huo: majabali makubwa ya mviringo na ile miti yenyewe. Ubaya wake katika siku ya baridi ni kwamba dakika chache tu baada ya kukata tiketi uko juu ya mita 1,200, asubuhi, jua halijapasha kitu. Unaanza siku mahali palipo pabaya zaidi katika saa iliyo mbaya zaidi. Nimeona familia zikifanya hivyo: watoto wanalia kwenye kituo cha kwanza, baba anatazama saa, na siku imekwisha kabla haijaanza.

Binamu yangu aliongeza mwendo akapita Indio, akajaza mafuta huko, akaingia kwa lango la kusini. Upande huo barabara inaanza Cottonwood, kama mita 900, inateremka hadi bonde pana la Pinto, kisha inapanda taratibu kuelekea kaskazini na magharibi. Kwa hiyo saa za asubuhi, zilizo baridi zaidi, walizitumia katika sehemu ya chini, na kadiri jua lilivyopanda nao walipanda. Njia hiyo ni ndefu zaidi na inakula mafuta zaidi. Ilistahili.

Ina faida nyingine ambayo kitabu cha mwongozo huipita haraka. Hifadhi ile, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,200 hivi, imekalia majangwa mawili. La chini ni jangwa la Colorado, sehemu ya jangwa la Sonora; la juu ni Mojave. Mpaka wao uko karibu na mita 900, na mimea ndiyo inayokuonyesha umevuka. Ukipanda kutoka kusini, unakaa kilomita nyingi bila kuona hata mti mmoja wa Joshua, halafu unaanza kuuona mmoja, miwili, kisha msitu. Mti huo kwa kweli ni aina ya yuka, na ni ndugu wa mkonge wa Tanga katika ukoo wa mimea. Bibi, yule mama mkwe, aliutambua kwa majani kabla ya kuambiwa. Wanasayansi wanadhani baridi kali ya kipupwe huuchochea utoe maua, kwa hiyo siku inayomkera mgeni huenda ikawa ya neema kwa mwenyeji.

Kituo cha kwanza cha kutembea kilikuwa bustani ya kaktasi aina ya chola, mita 670 hivi. Pale upepo ulikuwepo lakini haukuwa na meno. Hatari ilikuwa nyingine, nayo ilizaliwa na nguo. Chola ina vipande vinavyochomoka kwa kuguswa kidogo tu, na miiba yake hung'ang'ania chochote chenye nyuzi. Mtoto aliyevaa fulana na kaptula hupita katikati ya njia akiwa mwembamba. Mtoto aliyefungwa makoti matatu amepanuka kila upande, hajui tena mikono yake inaishia wapi, na glavu za sufu ndizo mwiba unazozipenda kuliko zote. Mke wa binamu yangu aliamuru glavu zivuliwe ziingie mfukoni, mikono iwe mbele kifuani. Mkobani alikuwa na chanuo la meno marefu, lile lile la nywele zetu. Hicho ndicho kifaa kinachofaa: unapenyeza meno kati ya kipande cha chola na nguo, unakirusha mbali, bila kukigusa kwa vidole. Safari hiyo liliokoa mkono mmoja wa sweta.

Kuhusu mavazi nitasema jambo moja tu, kwa sababu mengine yanajulikana. Adui mkubwa alikuwa jasho. Majabali ya Skull Rock na Jumbo Rocks, mita 1,340 hivi, yanamwita kila mtoto ayapande. Anapanda, anatoka jasho, anasimama kileleni kupunga mkono, na upepo unampata akiwa amelowa. Pamba iliyolowa haihifadhi joto. Walichofanya ni kuwavua watoto koti moja kabla ya kupanda, wakiwa bado wanalalamika kwamba wanasikia baridi, na kuwarudishia mara waliposhuka. Mgeni mwingine aliyekuwa karibu alitazama kwa mshangao mzazi anayemvua mtoto katika upepo ule. Lakini ndiyo njia sahihi. Mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko mkubwa, kwa kuwa ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Fulana kavu inamfaa kuliko koti la pili lililowekwa juu ya fulana mbichi. Na mtoto anayepiga kelele kwamba anasikia baridi bado yuko salama. Anayenyamaza na kuanza kujikwaa ndiye wa kukimbizwa garini.

Chakula cha mchana walikila Hidden Valley, na huo ndio uamuzi bora wa siku nzima. Ni uwanja uliozungukwa na miamba pande zote, wenye njia ya kutembea ya kilomita 1.6 inayorudi ulipoanzia. Wengi hukimbilia mwamba wowote wakidhani utawakinga, kumbe mwanya kati ya miamba miwili huukaza upepo, sawa na ule mwanya wa milima niliotaja. Walitafuta ukuta mpana uliotazama kusini, uliokuwa umeota jua tangu asubuhi, wakaupa mgongo. Jiwe lilikuwa na uvuguvugu. Chai ya tangawizi ilikuwa bado ya moto kwa sababu chupa ya chai ilijazwa maji yanayochemka kwanza, yakakaa kidogo, yakamwagwa, ndipo chai ikatiwa. Ndani ya chupa hapakuwa na ubaridi wa kuiibia joto. Chapati zilifungwa kwa taulo ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu. Fundi wa friji huyo: anajua kwamba boksi lile halitengenezi baridi, linazuia joto lisivuke tu, liwe linaingia au linatoka.

Maji yalihitaji kusimamiwa. Katika baridi mtu hasikii kiu, ilhali hewa ya jangwa inaendelea kumkausha kwa kila pumzi. Ndani ya hifadhi hakuna maji ya bomba, duka wala kituo cha mafuta, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Maji yanapatikana kwenye baadhi ya vituo vya pembezoni, Cottonwood kikiwemo. Walijaza madumu pale, na kila kituo kila mmoja alikunywa kikombe, atake asitake.

Nisipokubaliana nao ni kuhusu Keys View. Waliiacha hadi saa tisa alasiri. Upepo wa ule mwanya wa milima una tabia ya kuongezeka kadiri alasiri inavyosogea, hivyo mahali palipo wazi kuliko pote wangepaendea saa sita, jua likiwa utosini, kisha ndipo warudi kula kwenye kinga ya Hidden Valley. Walipofika, Bibi alikataa kushuka. Wengine walitoka wawili wawili kwa dakika chache, wakaona theluji juu ya San Jacinto, mstari wa ufa wa San Andreas, na kwa mbali ziwa la Salton, ambalo uso wake uko karibu mita 70 chini ya usawa wa bahari. Ni mandhari ya kukaa nusu saa, nao hawakuweza. Kilichofanyika vizuri pale ni kuegesha gari likiutazama upepo, ili mlango ukifunguliwa usukumwe kujifunga badala ya kung'olewa mkononi mwa mtoto.

Walitoka kwa lango la magharibi kabla jua halijazama. Tiketi ya gari, dola 30, inatumika siku saba, na kujua hilo kuliwasaidia kuacha bwawa la Barker bila majuto. Jangwa lisilo na mawingu wala unyevu hewani halina blanketi: jua likiondoka, ardhi hutupa joto lake moja kwa moja angani, na huo si wakati wa kutafuta viatu vya watoto gizani.

Onyo kwa atakayetaka kuiga: mpango huu ni wa siku ya upepo tu, upepo unaoichanganya hewa ya juu na ya chini. Asubuhi shwari isiyo na wingu hali hugeuka. Hewa baridi ni nzito, huteremka usiku kucha na kutuama mabondeni, na bonde la Pinto linaweza kuwa na baridi kuliko miamba ya juu. Siku kama hiyo ingia kwa lango la magharibi.