Uharibifu au Uharibikaji wa Mimba?

Katika miswada ya afya tunayoletewa kusanifishwa tumekuta maneno "uharibifu wa mimba" yakitumiwa kwa maana ya mimba changa iliyotoka yenyewe. Hatukubaliani nayo. Uharibifu hutokana na kuharibu, na palipo uharibifu msomaji hutafuta mharibifu. Mwanamke aliyepotewa na mimba tatu mfululizo akisoma karatasi hiyo atajiona ameshtakiwa.

Sayansi haimshtaki. Kiasi cha nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza huwa na hitilafu ya idadi ya kromosomu: badala ya 46, kiinitete hupata, kwa mfano, 45 au 47. Aghalabu kosa hilo huanza yai linapogawa kromosomu zake. Halitokani na kubeba ndoo ya maji. Pengine mmoja wa wazazi, mume au mke, ana kromosomu zilizobadilishana vipande: mwenyewe ni mzima, ila mimba hudhurika. Wanawake wengine wana kingamwili zinazoshambulia protini zilizoshikamana na fosfolipidi, nazo hudhuru kondo. Hao hutibiwa kwa aspirini kidogo na heparini.

Kwa hiyo twapendekeza "uharibikaji wa mimba", kutokana na kuharibika. Kiambishi -ik- chatueleza kwamba jambo limetukia, bila ya kumtaja mtendaji. Kutoka na kutoa navyo hutofautiana vivyo hivyo. Kiingereza cha kiganga hakikuwa na tofauti hiyo. Neno moja, abosheni, lilibeba maana zote mbili, hata mwaka 1985 madaktari wa Uingereza wakaandika katika The Lancet kutaka zitenganishwe. Mfasiri akifuata vitabu vya zamani neno kwa neno, ataandika "mazoea ya kutoa mimba". Hapo mgonjwa amegeuzwa mhalifu, maana sheria ya Tanzania huhesabu kutoa mimba kuwa kosa, isipokuwa kwa kuokoa uhai wa mama.

Yako mengine mawili. "Mara kwa mara" haina hesabu, hali waganga wana hesabu: wengine huanzia mimba mbili, wengine tatu. Yafaa tuseme "uharibikaji wa mimba unaojirudia", na idadi itajwe. Pili, "kingafosfolipidi" ni fupi lakini yapotosha. Msomaji atadhani ni dawa ya kukinga, kumbe ndicho kinachodhuru. Afadhali maneno marefu yaliyo wazi: "kingamwili zinazoshambulia fosfolipidi".

Huenda ikasemwa kwamba "uharibikaji" halijazoeleka masikioni. Ni kweli, lakini limeundwa kwa kanuni ya lugha yetu wenyewe, na mazoea huja kwa kutumiwa. Tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa wanaoandika fomu za hospitali walijaribu. Istilahi ya ugonjwa haina budi kueleza ugonjwa. Hukumu si kazi yake.