Ripoti Isiyo na Mandhari

Ripoti yenyewe ina kurasa nne za mkono, imebanwa kwa pini moja iliyoanza kushika kutu. Ni ya mpwa wangu, msichana wa Voi, ya muhula wake wa kwanza wa uhandisi katika chuo ambacho sitakitaja. Jaribio ni lile ambalo kila aliyepita maabara ya fizikia analijua: funga gololi kwenye uzi, iache ibembee, hesabu mabembeo ishirini, badilisha urefu wa uzi, rudia. Kutokana na namba hizo unapata g, yaani mchapuko unaotokana na mvuto wa ardhi. Yeye alipata 9.77. Chini yake, kwa wino mwekundu, pameandikwa kwamba ataje sababu zaidi za makosa.

Nimeisoma kama ninavyosoma hadithi fupi, kwa sababu ni utanzu kama tanzu nyingine, na una masharti makali kuliko shairi la tarbia. Kuna lengo, nadharia, vifaa, utaratibu, matokeo, mjadala, hitimisho. Ukivuruga mpangilio huo unakatwa alama. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini nitaizungumzia kwa lugha tunayoongea nyumbani, maana Kiswahili kinafichua jambo ambalo Kiingereza kinalificha.

Tuanze na msuko. Nadharia inakuja ukurasa wa kwanza, na ndani yake tayari imo thamani inayotarajiwa: 9.81. Uzi haujafungwa, saa haijabonyezwa, na jibu limeshatoka. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi akimtaja muuaji kwenye aya ya kwanza, anajua kwamba kinachobaki ni kuonyesha jinsi alivyofanya. Katika ripoti hii kinachobaki ni kuonyesha jinsi mwanafunzi alivyoshindwa kulifikia jibu. Hata neno la kulielezea pengo hilo linamhukumu. Kosa kwetu ni kukosa kitu, na pia ni hatia. Mwanafizikia humaanisha tu umbali kati ya kipimo na thamani inayolinganishwa nacho. Angeweza kusema tofauti, na hakuna ambaye angejihisi mkosaji.

Halafu sarufi. Sehemu ya utaratibu imejaa kauli ya kutendwa: uzi ulifungwa, urefu ulipimwa, mabembeo yalihesabiwa. Nani aliyefunga? Hayupo. Mtu angekaa barazani akakusimulia kazi ile ile, angesema nikafunga, nikapima, nikaiachia, nikahesabu. Vile viambishi vya ni- na -ka- vinabeba mambo mawili kwa pamoja, mtu aliyetenda na mfuatano wa vitendo vyake. Ripoti imevitupa. Ninaelewa sababu: sayansi inataka jaribio ambalo yeyote anaweza kulirudia, kwa hiyo mtendaji anaondolewa ili nafasi yake iweze kujazwa na mwingine. Hilo silipingi. Lakini mtendaji alipotolewa, alitoka na mahali alipokuwa amesimama.

Hapo ndipo ripoti inaponishika. Haina mandhari. Chini ya vifaa pameorodheshwa rula ya mita moja, stendi, uzi, gololi na saa ya kuhesabia sekunde. Feni ya dari, ambayo mpwa wangu anasema ilikuwa ikizunguka muda wote, haimo. Mji haumo. Kimo kutoka usawa wa bahari hakimo. Utanzu hauna kichwa kidogo cha mambo kama hayo, na kisicho na kichwa hakiandikwi. Katika majaribio mengi upungufu huo hauna madhara. Katika hili unaharibu kila kitu, kwa sababu g ni sifa ya mahali.

Dunia si mviringo kamili. Imetuna kidogo kiunoni, na inazunguka. Aliye kwenye ikweta yuko mbali zaidi na kitovu chake, tena mzunguko unampunguzia uzito kidogo. London na Paris ukikadiria unapata 9.81. Voi iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, karibu mita 600 juu ya bahari, na hapo hesabu inatoa takriban 9.78. Kenya nzima, kuanzia ufukwe wa Mombasa hadi nyanda za juu, haifiki 9.79 popote. Namba ya ukurasa wa kwanza ni namba sahihi ya Ulaya. Thamani ya kawaida ya kimataifa, 9.80665, ilikubaliwa mwaka 1901 ili watu wawe na kipimo kimoja cha kurejelea, si kwa kuwa ardhi ya kila mtu huvuta hivyo.

Mkasa huu umewahi kumpata mtu mzima. Mwaka 1672 mwanafalaki Jean Richer alitumwa kutoka Ufaransa kwenda Cayenne, Amerika Kusini, nyuzi tano kaskazini mwa ikweta. Saa yake ya pendulamu, iliyokwenda sawasawa Paris, huko ilichelewa dakika mbili na nusu kila siku. Ilibidi pendulamu ifupishwe. Wapo wakubwa wa Paris waliodhani amepima ovyo. Newton hakudhani hivyo: katika kitabu chake cha 1687 aliutumia uchelewaji huo kama ushahidi kwamba dunia imetuna kwenye ikweta. Richer naye aliandika ripoti, ila yake ilikuwa na mandhari.

Nisimpambe mpwa wangu kupita kiasi. Ile 9.77 yake haikuthibitisha lolote. Kwa uzi wa mita moja, mabembeo ishirini huchukua sekunde 40.18 ikiwa g ni 9.78, na 40.12 ikiwa ni 9.81. Tofauti ni sekunde 0.06, na kidole cha mtu kwenye kitufe cha saa hakina wepesi huo. Angeweza kuangukia 9.83 kwa bahati tu, akapongezwa. Ninachokilalamikia ni kwamba muundo ulimfundisha kuitafuta sababu ya pengo mikononi mwake tu: kidole kilichelewa, uzi ulirefuka, upepo ulipita. Haukumpa nafasi ya kuuliza kama namba ya kwenye kitabu inahusu mahali alipo.

Na mwaka wa kwanza ndio wakati wa swali hilo. Uingereza, kijana ambaye hajaiva kwa hisabati na fizikia huweza kupewa mwaka mzima wa msingi kabla ya shahada. Sisi tulikuwa na kidato cha tano na cha sita, hadi watahiniwa wa mwisho walipofanya mtihani wao 1989, mwaka ule ule mtihani wa KCSE wa mwisho wa sekondari ulipoanza. Sasa shahada ya uhandisi ni miaka mitano, na wa kwanza, wenye hisabati, fizikia, kemia, michoro na karakana, ni mwaka wa msingi uliovaa jina jingine. Mwanafunzi anaingia akiwa na 10, ndiyo g ya mitihani ya sekondari. Chuoni anapewa 9.81. Safari ya kutoka 9.81 hadi 9.78 ni fupi kwa tarakimu, lakini ndiyo inayomtoa kwenye kukariri ikamtia kwenye kupima.

Katika Taita Taveta, kaunti ambamo Voi imo, hili si suala la usomi mtupu. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT) kabla ya kupata hati yake mwaka 2016, kinafundisha uhandisi wa migodi, na kaunti ina vito vya Tsavo na mawe ya chuma ya Kishushe. Mtafutaji madini anayetumia gravimita hutembea na chombo chake akitafuta mahali ambapo mvuto unatofautiana kidogo na ulivyotarajiwa, kwa kuwa mwamba mzito chini huuongeza. Kile kinachoitwa kosa katika ripoti ya mwaka wa kwanza, kwake ndicho anacholipwa kukitafuta.

Desemba, mpwa wangu alilirudia jaribio nyumbani, Voi. Alifunga uzi kwenye kenchi la baraza, akaning'iniza nati nzito aliyopewa na fundi wa jua kali. Babu yake alipita, akaitazama, akauliza nani anajenga, maana kwake kitu kilichoning'inia kwa uzi ni timazi, na timazi haichezi. Safari hii alihesabu mabembeo mia, mara tatu, kwa mita moja kamili kutoka fundo hadi katikati ya nati: sekunde 200.9, 201.0, 200.8. Kwa mabembeo mia, pengo kati ya Voi na Paris ni kama sekunde 0.3, na hilo kidole kinaweza kulikamata. Alipata 9.78.

Akaiandika ripoti upya kwa mpangilio ule ule. Alipofika kwenye vifaa alikwama, kwa kuwa alitaka kutaja Voi na kimo chake na hakupata pa kuviweka. Ameviandika pembeni mwa ukurasa, wima, kwa penseli.