Kakai Kilonzo na Kiswahili cha stendi

MAJUZI nilikuwa kwenye matatu ya kwenda Machakos, dereva akaweka wimbo wa Kakai Kilonzo. Makanga, kijana ambaye hakuwa amezaliwa msanii huyu alipofariki mwaka wa 1987, akauimba kutoka mwanzo hadi mwisho. Ameutoa wapi?

Wengi watasema ni gitaa la benga. Sikatai. Lakini gitaa peke yake halimfanyi mtu akariri maneno. Kakai na bendi yake ya Kilimambogo Brothers waliimba Kikamba, na walipoimba Kiswahili walichukua kile cha stendi na sokoni, si cha vitabuni. Tazama tu anwani ‘Mama Sofi’. Mama huyo haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake, kama tunavyoitana kwetu hadi leo. Kabla ubeti haujaanza, msikilizaji keshapata jirani anayemjua. Ni diwani ngapi tunazosomesha zinazofanya hivyo kwa maneno mawili?

Nakiri nami nilikuwa mkali. Zamani mwanafunzi wangu alitaka kuandika tasnifu kuhusu nyimbo za aina hii. Nikamwambia, “Bwana, hicho Kiswahili cha bara kimejaa makosa ya upatanisho wa kisarufi, tafuta mada nyingine.” Akaandika kuhusu tenzi. Makosa yalikuwepo, kweli. Ila sikumuuliza swali la maana: mbona wasikilizaji wasiojua hata neno moja la Kikamba walimpenda Kakai hivyo?

Kama anasoma safu hii, mada yake bado ipo. Aje tuzungumze.